Kompyuta Nzito na Diski Isiyozunguka

Kompyuta ya ofisini ikianza kuwa nzito, wa kwanza kulaumiwa ni virusi. Anaitwa fundi, anapiga Windows upya, analipwa chake, na kwa wiki chache mambo yanakwenda. Kisha uzito unarudi, na safari hii lawama zinaiangukia mashine nzima: imezeeka, inunuliwe nyingine. Ndivyo Dell OptiPlex yenye prosesa ambayo haijawahi kuchoshwa na kazi yoyote ya Excel inavyoishia stoo, chini ya viti vilivyovunjika miguu.

Mara nyingi mkosaji ni kifaa kimoja tu ndani ya kasha: hadi diski. Sahani zake huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake hupita mkono wenye kichwa cha kusomea kisichozigusa. Ukiomba faili, mkono husogea hadi kwenye njia inayotakiwa, halafu hungoja sahani izunguke mpaka kipande chako kifike chini ya kichwa. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8.3. Jumlisha safari ya mkono na wastani wa nusu mzunguko wa kungoja, kila ombi linakula milisekunde 12 hivi, yaani diski haitimizi hata maombi mia moja kwa sekunde vipande vikiwa vimetawanyika. Na Windows inapowaka huomba vipande vidogo kwa maelfu, kimoja huku, kingine kule. Prosesa inayofanya mabilioni ya hesabu kwa sekunde inabaki kusubiri chuma kizunguke.

SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hujibu ombi ndani ya sehemu ya kumi ya milisekunde, mara nyingi chini ya hapo, na hutimiza makumi ya maelfu ya maombi kwa sekunde. Wauzaji hupenda kunadi megabaiti kwa sekunde, namba ambayo kwa maoni yangu huwapoteza wanunuzi. Hadi diski nzuri nayo husoma megabaiti 150 kwa sekunde ikiwa faili ni moja ndefu iliyonyooka. Inaposhindwa ni kwenye ule ungojaji. Kwa hiyo hata kompyuta ya mwaka 2010, ambayo njia yake ya data, SATA, haipitishi zaidi ya megabaiti 300 kwa sekunde, hufufuka ikiwekewa SSD ya kawaida ya inchi 2.5. Kuinunulia SSD ya aina ya NVMe ya bei mbaya, wakati ubao wake hauna hata tundu la kuichomeka, ni kumtajirisha muuzaji.

Chipu zilizomo ndani ya SSD zina baba yao, Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa mhandisi wa Toshiba. Aliitangaza kumbukumbu ya flashi mwaka 1984, na aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyojaa kwenye simu zetu na SSD zetu, ikafuata 1987. Toshiba ilimtunza kiduchu hivi kwamba aliishitaki mwaka 2004. Wakamalizana 2006 kwa yeni milioni 87, fedha ambazo ukizilinganisha na biashara aliyoizaa unaona haya kwa niaba yao.

Alichobuni ni kitu cha ajabu. Kila seli ina tabaka dogo la kushikia elektroni, nalo limezibwa na kihami pande zote. Hakuna pa kuingilia. Elektroni huingia kwa kupenya kihami chenyewe, jambo ambalo fizikia ya kwantamu huliruhusu ukisukuma kwa volti za kutosha. Umeme ukizimwa, elektroni zinabaki mle mle, na hiyo ndiyo kumbukumbu. Lakini kila upenyo hukichosha kihami kidogo, na seli ina idadi ya kufutwa ambayo ikiizidi haiaminiki tena. SSD nyingi za bei ya kati huweka biti 3 katika seli moja, hivyo chipu lazima itofautishe viwango 8 vya chaji. Seli hizo huvumilia kufutwa mara elfu moja hadi elfu tatu hivi.

Ajabu zaidi ni kwamba SSD haiwezi kuandika juu ya kilichoandikwa. Huandika ukurasa mmoja mmoja, wa kilobaiti chache, lakini hufuta bloku nzima yenye megabaiti kadhaa. Fikiria nyumba ya kupanga yenye sheria ya kichaa: chumba kikishawahi kukaliwa, mpangaji mpya haruhusiwi kuingia mpaka nyumba yote iwe tupu na kuoshwa kwa mpigo mmoja. Mwenye nyumba afanyeje? Akiona nyumba ina vyumba vingi vilivyoachwa, anawahamishia wapangaji waliobaki kwenye nyumba nyingine iliyo safi, anaiosha ile ya zamani, kisha anaipangisha upya. Anazungusha uhamisho kwa zamu ili nyumba moja isichakae kuliko nyingine, na ana daftari la nani yuko wapi, kwa sababu anwani anayoijua Windows siyo anapolala mpangaji. Kazi hiyo hufanywa na kidhibiti cha SSD mchana na usiku, wewe ukiwa umeiacha kompyuta unakunywa chai.

Mwenye nyumba huyo ana udhaifu mmoja: haoni nani amehama. Ukifuta faili, Windows hufuta jina tu kwenye orodha yake, na zamani SSD haikupewa habari, ikaendelea kuwahamisha wapangaji hewa kutoka nyumba hadi nyumba. Amri ya TRIM, iliyoingia kwenye Windows 7 mwaka 2009, ndiyo inayompelekea taarifa. Hata hivyo usiijaze SSD mpaka pomoni. Ikikosa nyumba tupu, uhamisho unageuka msongamano na kasi inaporomoka.

Wapo mafundi ambao hadi leo huendesha programu za zamani za kupanga vipande vya faili kwenye SSD. Kwenye hadi diski ilikuwa dawa. Huku ni kuwahamisha wapangaji bure na kuchosha seli. Upande wa pili wapo wanaoiogopa SSD wakisema huisha upesi. Samsung 870 EVO ya gigabaiti 500 imedhaminiwa kuandikwa terabaiti 300. Mtu wa ofisi anayeandika gigabaiti 20 kila siku, naye ni mwandishi hodari, angehitaji miaka 41.

La kuogopa ni umeme. Hadi diski ikikatikiwa hutumia nguvu ya sahani zinazoendelea kuzunguka kukirudisha kichwa mahali salama, ufundi mzuri ambao hausifiwi. SSD za bei ya kawaida hazina akiba ya umeme ya kutosha kumaliza zilichokuwa zinaandika, na umeme ukiondoka katikati ya uhamisho, daftari linaweza kuharibika. Nunua UPS. Wala usitie picha za familia kwenye SSD ukaifungia kabatini miaka mingi: elektroni huvuja polepole, na joto huzidisha.

Kuifunga SSD kwenye kompyuta ni kazi ya muda mfupi: waya wa data, waya wa umeme, skrubu, kuchagua AHCI kwenye mipangilio ya BIOS, halafu nakili diski ya zamani kwa programu ya Clonezilla au piga Windows upya. Jihadhari tu na SSD za nje za terabaiti kadhaa zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Baadhi zimefunguliwa zikakutwa na kadi ya kumbukumbu ya simu iliyogandishwa kwa gundi.

Ninaloliona la aibu ni jinsi taasisi zetu zinavyotupa. Umoja wa Mataifa ulihesabu tani milioni 62 za taka za kielektroniki duniani kwa mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizorejelewa ipasavyo. Microsoft ikatia chumvi kwenye kidonda kwa kusitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, huku Windows 11 ikizikataa rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya 2017. Shule ikipewa mashine hizo, ikaziwekea SSD ya gigabaiti 240 na mfumo wa Linux Mint, ina maabara. Badala yake zinasubiri kamati ya mnada mpaka panya watafune nyaya.

Hadi diski iliyotolewa usiiache dukani kwa fundi, kwani faili ulizofuta mara nyingi bado zinasomeka. Itie kwenye kasha la USB: video za harusi, nakala za hesabu za duka, filamu za wajukuu. Au kwenye DVR ya kamera za getini. Iliyokufa kabisa ifungue, ndani mna sumaku mbili kali mno. Zinashika bisibisi ukutani vizuri.