Uvira: Kitufe kisicho na jina chamnyima asiyeona siri yake

Mtu asiyeona anayeishi Rurambo, kwenye nyanda za kati za Uvira, anaweza kununua mega, kupata rezo na kufungua fomu anayoitafuta kwenye intaneti, kisha mashine yake ikamwambia tu: « bouton, bouton, lien, graphique ». Haimwambii kitufe kipi ni cha kutuma na kipi ni cha kufuta. Kinachobaki ni kumwita mtoto wa nyumbani au jirani aje kumsomea. Fomu ikiwa ya pesa, jirani huyo anapewa na namba ya siri.

Kosa haliko kwa sauti ya mashine. Programu ya kusoma skrini haitazami picha namna jicho linavyotazama. Inafuata majina yaliyoandikwa nyuma ya ukurasa: hiki ni kitufe, kinaitwa « Tuma », hiki ni kisanduku cha kuandikia, kinaitwa « Namba ya simu ». Fundi wa ukurasa akichora bahasha ndogo bila kuipa jina, anayeona ataelewa kwamba hapo ni ujumbe. Asiyeona atasikia « bouton » na kubaki hapo.

Kurasa za namna hiyo zimejaa dunia nzima. WebAIM, taasisi ya Marekani inayopima kila mwaka kurasa za mbele za tovuti milioni moja, ilikuta mwaka 2025 kwamba 94,8 kwa mia zilikuwa na kasoro zinazoweza kuwazuia watu wenye ulemavu. Vitufe vitupu, picha zisizoelezwa na visanduku visivyo na jina ni kati ya kasoro zinazorudi kila mwaka.

Wasioona wenyewe hawakungoja wenye tovuti waamke. Programu ya NVDA ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akaungana naye. Wote wawili hawaoni. Ni ya bure, ni ya kompyuta za Windows, na inaweza kukaa kwenye fleshi na kutembea kutoka mashine moja hadi nyingine. Sauti inayokuja nayo inasoma Kifaransa na hata Kiswahili, ingawa Kiswahili chenyewe ni kikavu na sikio linahitaji siku kadhaa kukizoea. Kabla yake kulikuwa na JAWS, ambayo inauzwa kwa bei ghali. Hiyo ilitoka kwa Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa akishindana kwa pikipiki kabla ya kupoteza macho katika ajali ya gari.

Programu hizo mbili zinakubali kuongezewa skripti, yaani maagizo mafupi yanayoandikwa na mtumiaji au rafiki yake. Skripti inaweza kusema: ukifika kwenye ukurasa huu, kitufe cha tatu kiite « Tuma », nikibonyeza vidole hivi viwili, nipeleke moja kwa moja mahali penye matokeo, uruke matangazo yote ya juu. Nyingine zinawekwa ndani ya kivinjari chenyewe, kama Firefox, na kubandika majina yaliyokosekana kabla programu ya kusoma haijaanza kusema. Tovuti yenyewe haiguswi. Mabadiliko yanabaki kwenye mashine ya mtumiaji, na mwenye tovuti hata hajui.

Kwa simu, ambazo ndizo nyingi huku kwetu kuliko kompyuta, kuna njia nyepesi isiyodai kuandika lolote la kifundi. TalkBack, programu ya kusoma skrini ya simu za Android, inamruhusu mtu kukipa jina kitufe kisicho na jina katika programu nyingi za simu. Anayeona anasaidia mara moja tu, anasoma alama zote, majina yanahifadhiwa. Kuanzia siku hiyo mwenye simu anajisomea na namba yake ya siri inabaki kichwani mwake.

Lakini dawa hii ina hatari zake, na wanaoisifu huwa hawazisemi sana. Skripti imeandikwa kwa kufuata umbo la ukurasa wa leo. Mwenye tovuti akihamisha kitufe kesho, jina « Futa » linaweza kuangukia pale palipo « Tuma ». Kitufe bubu kinakusimamisha. Kitufe chenye jina la uongo kinakupeleka, na pesa inaondoka. Kwa hiyo skripti nzuri huhakikisha kwanza kwamba ukurasa haujabadilika, na ikiona tofauti inanyamaza. Tena skripti inayoweza kubandika majina kwenye ukurasa inaweza pia kusoma kinachoandikwa humo, namba ya siri ikiwemo. Ile iliyotumwa na mtu asiyejulikana haifai kuwekwa.

Kazi ya kutaja vitufe, kwa haki, ni ya wenye kurasa. Kongo iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinataja intaneti waziwazi. Tarehe 3 Mei 2022 ikafuata sheria namba 22/003 ya kulinda na kuendeleza haki za watu hao. Fundi anayetengeneza fomu huko Kinshasa, Bukavu au Uvira anahitaji dakika chache tu kuandika neno « Tuma » pale panapotakiwa.

Hadi afanye hivyo, kuna faili la skripti. Ni maandishi matupu, mepesi kuliko picha moja ya WhatsApp. Mtu anayeshuka Uvira mjini anaweza kulipokea huko, kulitia kwenye fleshi na kupanda nalo hadi Rurambo, hata siku ambayo rezo imekatika.