Meno ya Sproketi katika Baiskeli ya Injini

Mtu wa Ngoliba apelekaye gunia la mahindi Thika kwa baiskeli iliyotiwa injini hana budi kukumbuka kwamba aendako ni juu kuliko atokako. Baiskeli ishukayo tupu kwa wepesi huenda ikakataa kupanda na mzigo. Hapo wengi huilaumu injini, kumbe aghalabu kosa ni la sproketi ya nyuma, yaani lile duara la chuma lenye meno livutwalo na mnyororo.

Injini ndogo za kufunga katika baiskeli, zitengenezwazo Uchina, mara nyingi huja na sproketi ya mbele yenye meno 10 na ya nyuma yenye meno 44. Pamoja na meno mengine yaliyofichwa ndani ya injini, injini huzunguka mara 18 hivi ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Meno ya nyuma yakizidi, nguvu huzidi na mwendo hupungua. Yakipungua, huwa kinyume. Ni kama kuinua jiwe kwa mtaimbo: ukiwa mrefu jiwe huinuka kwa nguvu kidogo, lakini mkono husafiri mbali zaidi.

Liko jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Meno 44 huifaa baiskeli ya gurudumu la inchi 26, lakini baiskeli ya mizigo ijulikanayo Kenya kwa jina la Black Mamba ina gurudumu la inchi 28. Kila mzunguko huipeleka mbali zaidi, hata meno 44 hufanya kazi kama 41 tu. Basi mwenye baiskeli hiyo akitia sproketi ya meno 48 hajaongeza nguvu. Amerudisha tu ile iliyopotea. Achukuaye mizigo mizito na atafute ya meno 56.

Injini ikizunguka mara 4,000 kwa dakika, gurudumu la inchi 28 huenda kilomita 30 kwa saa kwa meno 44. Kwa meno 56 huenda 23, na kwa meno 36 huenda 36. Vijana hupenda hii ya mwisho, na katika tambarare huenda vizuri. Lakini breki za vyuma za Black Mamba zilitengenezwa kwa mtu akanyagaye kwa miguu, wala si kwa mwendo huo wa kuteremka bondeni na abiria nyuma. Wakati wa kupanda, injini yenye sproketi ndogo hulemewa, klachi huteleza na kuchakaa, na kwa kuwa injini hupozwa kwa upepo tu, mwendo wa pole wenye kulemewa huichoma.

Atakayebadili kutoka meno 44 hadi 56 atahitaji kuongeza mnyororo pingili 6 hivi. Tena sproketi ifungwayo kwenye spoki kwa vipande vya mpira sharti ikae katikati kabisa. Azungushe gurudumu kwa mkono na kulitazama: likiyumba, mnyororo utaruka, na spoki zitakatika moja baada ya moja.

Asiyepata sproketi kubwa aweza kuitazama ile ya mbele, kama injini yake hukubali kubadilishwa. Kupunguza jino 1 mbele, kutoka 10 hadi 9, ni karibu sawa na kuongeza meno 5 nyuma.