Daktari Ajifunze Pia Kijijini



Mtoto ana homa kali. Ghafla macho yanageuka. Mwili unakakamaa, mikono inatetemeka. Sisi watu wa pwani tunajua jina lake: degedege. Wengi tuliambiwa kuwa ni shetani. Kwa hiyo tunaanza kwa mganga wa jadi.

Mwaka 1996 watafiti walichapisha habari za degedege katika wilaya ya Bagamoyo. Walieleza kuwa watu wengi huanza na dawa za jadi. Lakini mara nyingi degedege hutokana na malaria kali. Saa zinapotea, na mtoto anaweza kufa.

KUKARIPIA HAKUPONYI

Sasa fikiri. Mama anafika zahanati na mtoto wake. Mtoto amefungwa hirizi. Daktari kijana anamkaripia mama mbele ya watu. Mama ananyamaza. Hasemi mtoto amenyweshwa nini. Akirudi kijijini anawasimulia wenzake. Mtoto wa jirani akiugua, haletwi kabisa.

Daktari huyo anajua dawa. Hajui kuzungumza na watu. Je, hilo nalo hufundishwa? Ndiyo, hufundishwa.

MASOMO YAMEBADILIKA

Tulipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wachache mno. Mwaka 1963 shule ya udaktari ilianzishwa Dar es Salaam. Leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Mwaka 2011 chuo hicho kilianza mitaala mipya. Swali si tena, "Mwanafunzi anajua nini?" peke yake. Swali ni, "Anaweza kufanya nini?" Je, anaweza kumpima mgonjwa vizuri? Anamsikiliza? Anashirikiana na wauguzi? Anatunza siri?

Mimi ni bwana shamba. Nilipotoka chuoni nilikuwa nimekariri magonjwa yote ya mkorosho. Siku moja mzee aliniuliza kwa nini maua ya mikorosho yake yanakauka. Nikamweleza mambo ya kitabuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona hujaenda kuiona?" Niliona haya. Tukaenda shambani pamoja. Maua yalikuwa na unga mweupe. Ulikuwa ugonjwa wa ubwiriunga. Jina nililijua siku nyingi, lakini mzee ndiye aliyenifundisha kwenda kutazama.

Udaktari ni vivyo hivyo. Kitabu ni lazima, lakini hakitoshi.

KAZI YETU

Sisi wanakijiji pia ni walimu wa madaktari.

1. Wanafunzi wa udaktari wakija kijijini, tuwapokee. Tuwaonyeshe visima, vyoo na njia ya kwenda zahanati.

2. Tuseme kweli. Kama mgonjwa amekunywa dawa ya miti shamba, tuseme ni ipi na alikunywa lini.

3. Tukikaripiwa, tusikae na uchungu nyumbani. Tupeleke jambo hilo kwenye kamati ya afya au mkutano wa kijiji.

4. Mtoto akishikwa na degedege, mlaze kwa ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Mpeleke zahanati au kituo cha afya upesi. Usingoje kesho.

MASWALI YA KUJADILI

Je, katika kijiji chenu mgonjwa husikilizwa? Mganga wa jadi na mganga wa zahanati huzungumza? Kama hawazungumzi, nani atawakutanisha?