Mali kauli: Mzigo ukiungua, nani hulipa?

WAFANYABIASHARA wengi wa Kariakoo, Dar es Salaam, na wa masoko ya mikoani huchukua bidhaa kwa mali kauli. Muuzaji wa jumla hutoa marobota ya mitumba, majora ya vitenge au magunia ya mchele bila kupokea fedha, na mchuuzi hulipa baada ya kuuza. Utaratibu huu umewapa mtaji watu wengi ambao hawana dhamana ya kupeleka benki. Lakini mambo yanapoharibika, huzua ugomvi mkubwa.

Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo, na wafanyabiashara wakapoteza bidhaa zao. Baada ya tukio kama hilo, swali la kwanza kwa aliyechukua mzigo kwa mali kauli ni moja: bidhaa ambazo hazijalipiwa zikiungua, hasara ni ya nani?

Hasara humfuata mwenye mali

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inajibu kwa kanuni fupi. Kama pande mbili hazikupatana vinginevyo, hasara humwangukia yule ambaye bidhaa zilikuwa mali yake wakati zinaharibika. Aliyekuwa amezishika siye anayeangaliwa kwanza. Tatizo ni kwamba neno "mali kauli" hutumika sokoni kwa mapatano ya aina mbili tofauti.

Aina ya kwanza ni kuuza kwa mkopo. Chukulia mchuuzi amepewa marobota matatu, kila moja Sh. 400,000, alipe baada ya mwezi mmoja. Bei imepangwa, siku ya kulipa imepangwa, na faida yote ya ziada ni yake. Kwa kawaida mauzo ya namna hii yamekamilika, na marobota ni mali ya mchuuzi tangu siku alipoyachukua. Yakiungua usiku huo, hasara ni yake, na deni la Sh. 1,200,000 linabaki palepale.

Aina ya pili ni kupewa bidhaa za kuuza, zisizouzika zirudishwe. Hapa mali hubaki ya muuzaji wa jumla hadi mchuuzi anapoziuza, anapoonyesha kwamba amezikubali, au anapokaa nazo kupita muda uliopangwa bila kusema kwamba anazirudisha. Zikiungua kabla ya hapo, hasara ni ya muuzaji wa jumla, isipokuwa kama zimeharibika kwa uzembe wa mchuuzi. Ikumbukwe kwamba mchuuzi aliyepitiliza muda bila kutoa taarifa huhesabiwa kuwa amenunua.

Kwa hiyo maneno mawili matatu yanayosemwa mzigo unapotoka ghalani ndiyo yanayoamua nani atalipa. Ndiyo pia yanayoonyesha nani anapaswa kukata bima ya moto.

Je, kauli tupu inatosha mahakamani?

Wengi huamini kwamba deni lisilo na maandishi halidaiwi. Si kweli. Sheria ya Mikataba inatambua mapatano ya mdomo. Ni kweli kwamba Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa huweka sharti kwa mauzo yanayofikia Sh. 200, kiwango cha zamani ambacho leo hakiachi nje biashara yoyote ya jumla. Mauzo hayo yawe na maandishi yenye saini, au mnunuzi awe ametoa arubuni au sehemu ya malipo, au awe amepokea na kukubali angalau sehemu ya bidhaa. Mchuuzi aliyechukua mzigo na kuupanga kibandani kwake kwa kawaida ametimiza sharti hilo.

Ugumu uko katika ushahidi. Mmoja atasema yalikuwa marobota matatu, mwingine atasema mawili. Mmoja atadai bei ilikuwa ya siku ya kuchukua, mwingine ya siku ya kulipa. Kama bei haikupangwa kabisa, sheria inamtaka mnunuzi alipe bei ya haki kulingana na hali ilivyokuwa. Kwa bidhaa kama mchele, ambayo bei yake hupanda na kushuka kila wiki, hapo ndipo kesi hurefuka.

Ujumbe wa simu na kumbukumbu za malipo kwa simu navyo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za namna hiyo kupokelewa mahakamani. Asiyependa kuandikishana karatasi anaweza walau kutuma ujumbe: "Nimepokea marobota matatu, Sh. 1,200,000, nitalipa tarehe 30." Ujumbe huo usifutwe.

Muda na njia ya kudai

Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6 tangu deni lilipostahili kulipwa. Mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kutia saini kabla ya muda huo kwisha, miaka huanza kuhesabiwa upya. Kwa mdai, hati ya kukiri deni ina thamani kuliko ahadi kumi za "njoo kesho".

Kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jinai. Ni tofauti kama mtu alichukua mzigo kwa udanganyifu tangu mwanzo. Deni la kawaida hudaiwa kwa kesi ya madai, na madai madogo huanzia Mahakama ya Mwanzo.

Mambo ya kuandika

Daftari la kurasa chache linatosha. Kabla mzigo haujaondoka, yaandikwe mambo matano: aina na idadi ya bidhaa, bei, siku ya kulipa, kama zisizouzika zitarudishwa na lini, na hasara ya moto au wizi itakuwa ya nani. Pande zote mbili zitie saini, na kila mmoja abaki na nakala yake. Kazi hiyo huchukua dakika tano, na haimzuii mtu kuendelea kumwamini mwenzake.