"Baba Yetu" na wenzake: juu ya nini michezo ya video inaimba, na kwa lugha gani?



Wengi wetu tunajua michezo ya video ya mpira na ya kupigana, ile tunayocheza na marafiki siku umeme uko. Muziki wake tunausikia bila kuusikiliza. Lakini kuna jambo moja ambalo msomi wa kwetu asilikose: muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video na kupata tuzo ya Grammy uliimbwa kwa Kiswahili. Unaitwa Baba Yetu.

Leo ninapenda kueleza, kupitia nyimbo chache ninazozipenda, namna sauti ya mtu iliingia katika michezo hii na juu ya nini watungaji wanachagua lugha fulani. Mwishoni tutafika kwetu, Kamina, sababu huko njo kuna somo linalotugusa sisi.

Kwanza, mashine haikuweza kuimba

Mwaka 1994 Wajapani walitoa mchezo Final Fantasy VI kwenye mashine ya Super Famicom. Ndani yake mna opera nzima: jukwaa, waimbaji, hadithi ya mapenzi na vita. Shida ilikuwa hii: sehemu ya sauti ya mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 tu. Picha moja ya simu yako leo inapita hapo mara nyingi. Basi mtungaji, Nobuo Uematsu, alitumia mlio wa ala unaoiga sauti ya mtu, na maneno yakaandikwa kwenye skrini. Mchezaji alisoma maneno, akasikia mlio, na kichwa chake kikamalizia kuimba.

Halafu ikaja PlayStation inayosoma CD, na CD inabeba megabaiti 650 hivi. Mwaka 1997, katika Final Fantasy VII, Uematsu yule yule aliweka korali ya watu kweli kwenye pigano la mwisho. Wimbo unaitwa One-Winged Angel, na unaimbwa kwa Kilatini. Sasa jiulize: Wajapani wanawauzia Wajapani wenzao mchezo, Kilatini kinatafuta nini pale?

Maneno yanachosha

Jibu liko katika namna mchezo unavyotumika. Katika filamu, wimbo unapita mara moja. Katika mchezo, unaweza kukaa saa nzima mahali pamoja, na muziki unazunguka, unarudia. Wimbo wenye maneno unayoyaelewa ukirudia mara 40, unachoka. Tena maneno yale yanakupigania akili: unataka kusoma mazungumzo ya mchezo, na huku mtu anakuimbia habari nyingine kwenye sikio.

Kwa hiyo watungaji wana njia mbili kubwa. Ya kwanza: weka wimbo mlangoni, ni kusema mwanzo au mwisho wa mchezo, pahali mtu hana kazi nyingine. Ya pili: imba kwa lugha ambayo mchezaji haielewi, ili sauti iwe kama filimbi tu.

Mfano mzuri wa njia ya kwanza ni Still Alive, wimbo wa mwisho wa Portal (2007). Uliandikwa na Jonathan Coulton, na Ellen McLain anauimba kwa sauti ya GLaDOS, ile kompyuta iliyotaka kukuua muda wote wa mchezo. Umeishinda, umechoka, na majina ya waliotengeneza mchezo yanapita. Ghafla inakuimbia kwa upole, kama vile hakuna kilichotokea. Hapo lazima uelewe Kiingereza, sababu maneno yenyewe njo mchezo.

Mfano wa njia ya pili ni NieR (2010), wenye muziki wa Keiichi Okabe. Mwimbaji Emi Evans, Mwingereza anayeishi Japani, alibuni lugha ambazo haziko duniani. Alichukua mlio wa lugha za kweli, akawaza zingesikika namna gani baada ya miaka mingi sana. Katika Song of the Ancients unasikia huzuni ya mtu, unasikia kama kuna kitu anakuambia, lakini hakuna kamusi itakayokusaidia. Unaweza kuusikiliza saa mbili bila kuchoka. Kwangu mimi, huo njo mzuri kupita yote kwa masikio.

Baba Yetu inashika njia zote mbili

Sasa tuje kwa ule wa Kiswahili. Mwaka 2005 kampuni ya Firaxis ilitoa Civilization IV. Ndani yake unaongoza taifa kuanzia mwaka 4000 kabla ya Kristo mpaka safari za anga. Aliyesimamia utengenezaji wa mchezo, Soren Johnson, alikuwa amekaa chumba kimoja na mwanamuziki Christopher Tin wakati wa masomo yao kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Akamwomba wimbo wa kufungulia. Tin alichukua sala ambayo Yesu aliwafundisha wanafunzi wake, kwa Kiswahili, akaitungia muziki. Kundi la Talisman la Stanford pale wakaiimba.

Unapofungua mchezo, dunia inazunguka kwenye skrini na korali inaanza. Wimbo uko mlangoni, na wachezaji wengi hawaelewi hata neno moja. Kwa kijana wa Ohio au wa Berlin, ile ni sauti ya "mwanzo wa binadamu", basi. Lugha yetu imefanya pale kazi ya Kilatini.

Lakini sisi tunaelewa, na hapo wimbo unageuka. Tunasikia sala tuliyoishika tukiwa wadogo, kabla hata ya kujua kusoma. Tunasikia namna mtungaji anavyorudia neno moja hapa na pale, kama korali zetu zinavyoitikiana, jambo ambalo padri kwenye misa hafanyi. Na tunasikia kitu kimoja ambacho kijana wa Ohio hasikii: sala inaomba kusamehewa na kusamehe wengine, halafu unabonyeza kitufe na kuanza kuteka miji ya majirani. Kwake hakuna ukinzani. Kwetu uko, na tunauona kila tunapofungua mchezo.

Nani aliandikwa jina?

Mwaka 2009 Tin aliweka wimbo ule kwenye albamu yake Calling All Dawns, yenye nyimbo 12 katika lugha 12. Safari hii Baba Yetu iliimbwa na Soweto Gospel Choir ya Afrika Kusini. Mwaka 2011 ikapata Grammy. Angalieni vizuri tuzo yenyewe: ilikuwa ya upangaji wa ala zinazosindikiza waimbaji. Sala haina mwenyewe, ni ya wote. Kiswahili pia ni cha wote. Kilichopewa tuzo ni kazi ya kupanga sauti na ala, iliyoandikwa kwenye karatasi, yenye jina chini yake. Tin alifanya kazi hiyo, alistahili. Simlaumu.

Sasa Kamina. Mwaka 2016 ikatoka Civilization VI. Humo mna Ufalme wa Kongo, na kiongozi wake Mvemba a Nzinga anaongea Kikongo. Muziki wa taifa hilo umejengwa juu ya wimbo Banaha. Wimbo huu ulijulikana ulimwenguni kupitia Les Troubadours du Roi Baudouin, korali iliyoanzishwa Kamina, Katanga, katika miaka ya 1950 na padri Mbelgiji Guido Haazen. Mtu wa kwetu anaona mara moja: wimbo wa korali ya Kamina amepewa mfalme wa Mbanza Kongo, safari ya zaidi ya kilometa elfu moja.

Korali hiyo hiyo ndiyo iliyoimba Missa Luba. Sehemu kubwa ya misa ile waimbaji waliibuni wenyewe wakiimba, bila karatasi. Lakini ukitafuta leo, jina utakaloliona kwanza ni la Haazen. Joachim Ngoi, aliyeimba peke yake mbele ya korali, ni wachache wanaomjua. Wengine wanaitwa tu "waimbaji wa Kongo". Na Banaha yenyewe inaandikwa "wimbo wa asili", ni kusema hakuna wa kuombwa ruhusa.

Mimi nimesoma kilimo, na jambo hili ninalifahamu kwa mbegu. Mama wa kijiji anatunza aina ya maharagwe miaka 30, anachagua, anapanda tena. Anakuja mwingine, anaipima, anaiandika, na kwenye kitabu aina ile inakuwa yake. Hakuiba shambani usiku. Aliandika tu kitu ambacho mama hakuandika.

Tufanye nini?

Wimbo una tabaka nne: maneno, melodi, upangaji wa sauti, na kurekodi. Kila tabaka linaweza kuwa na mwenyewe wake. Mkipanga upya wimbo wa zamani katika korali ya parokia, melodi si yenu, lakini upangaji ni wenu. Uandikeni kwa noti au kwa solfa, wekeni tarehe na majina ya wote waliobuni sauti. Rekodini hata kwa simu. Sheria ya haki za watungaji tunayo tangu tarehe 5 Aprili 1986, na SOCODA ndiyo shirika la nchi linalopokea kazi za watungaji.

Watengenezaji wa michezo wanaendelea kutafuta sauti ambazo watu wao hawajazisikia: Kiluba, Mashi, Kinande, Kilega. Siku watakapofika kwenye korali yako, wakute daftari lenye majina.