Mawe ya Rusinga na Faida ya Wageni

Bara la Afrika ni kubwa mno. Eneo lake lapata kilomita za mraba milioni 30, na katika mabara yote ya dunia ni Asia peke yake ipitayo ukubwa huo. Kaskazini lina jangwa la Sahara. Katikati lina misitu minene ya Kongo. Na karibu na Ikweta, ambako watu wa mbali hudhani kuna joto tupu, unasimama mlima Kilimanjaro wenye barafu kileleni, kimo chake mita 5,895. Kwa hiyo wageni hawaji Afrika kutazama kitu kimoja. Wengine huenda Misri kuona makaburi makubwa ya Mafarao, wengine huenda kwenye maporomoko ya Victoria baina ya Zambia na Zimbabwe, na wengine huenda Serengeti na Maasai Mara, ambako nyumbu kwa maelfu huhama kila mwaka wakifuata majani.

Mgeni wa namna hiyo hulipa nauli, malazi, chakula na ujira wa mtu wa kumwongoza. Hayo ndiyo mapato ya utalii. Lakini yafaa kufahamu jambo moja: hakuna mtu afungaye safari ndefu ili kutazama kitu ambacho angekiona kwao. Mgeni hufuata kile kisichopatikana penginepo. Basi wenyeji wa kila mahali hawana budi kujiuliza wanacho kitu gani ambacho wengine hawana.

Wenyeji wa Rusinga wanalo jawabu. Kisiwa hiki kimo katika Ziwa Victoria, penye mlango wa Ghuba ya Winam, katika Kaunti ya Homa Bay. Urefu wake ni kama kilomita 16, na upana wake ni kama kilomita 5. Zamani watu walivuka kutoka Mbita kwa mashua. Katika miaka ya 1980 likajengwa tuta, na baadaye daraja, na leo magari huvuka. Mtu akikitazama upesi ataona vilima vikavu, nyavu za wavuvi, na omena walioanikwa juani. Lakini ndani ya vilima hivyo mna hazina.

Miaka ipatayo milioni 18 iliyopita, ziwa hili halikuwapo. Karibu na hapa palikuwa na mlima mkubwa wa moto, ambao wataalamu huuita Kisingiri. Mlima huo ulitoa majivu mara nyingi, nayo yakafunika miti, matunda, wadudu na wanyama. Vitu vile vilivyofunikwa, badala ya kuoza vyote, vingine viligeuka polepole kuwa mawe. Siku hizi mvua inyeshapo huchukua udongo, na mifupa ile ya mawe hutokea juu ya ardhi.

Tarehe 2 Oktoba 1948, Bibi Mary Leakey, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani pamoja na mumewe, Dr. Louis Leakey, aliona vipande vya mfupa kwenye mtelemko. Vilikuwa vya fuvu la mnyama wa zamani sana, wa jamii ya nyani wasio na mkia. Fuvu lilipelekwa Uingereza kwa eropleni likachunguzwa, na jina la Rusinga likasikika ulimwenguni. Mnyama huyo aliitwa Proconsul, jina ambalo lilikwisha kutolewa mwaka 1933 kwa mifupa ya Koru, likitokana na sokwe aitwaye Consul. Mwaka 2015 wataalamu waliwapa wanyama wa Rusinga jina jipya, Ekembo, nalo ni neno la Kisuba. Hivyo lugha ya Wasuba, ambao wengi wao sasa husema Kijaluo, imeingia katika vitabu vya elimu vya dunia nzima.

Wageni huja pia kuzuru kaburi la Bwana Tom Mboya, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa kisiwani.

Sasa iko hatari moja. Mtoto akiokota jino la jiwe akamwuzia mpita njia kwa shilingi chache, aweza kudhani amepata faida. Kwa kweli amepata hasara. Mtaalamu hujua umri wa mfupa kwa kuchunguza tabaka la mwamba ulimolala. Mfupa ulioondolewa mahali pake ni kama ukurasa uliochanwa kitabuni: maneno yamo, lakini hakuna ajuaye yalitangulia nini wala yalifuata nini. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi wa taifa hulinda vitu vya namna hii, wala hairuhusu vitolewe nchini bila kibali.

Mfano mwema uko jirani, katika Kaunti ya Migori. Kuta za Thimlich Ohinga zilijengwa kwa mawe matupu bila udongo wa kuyashika. Kama kila mtu angalichukua jiwe moja la kujengea kwake, leo pasingalikuwa na ukuta. Zimebaki, na mwaka 2018 zikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Basi mtu aonapo mfupa wa jiwe, auache ulipo, apatie alama mahali pale, kisha apeleke habari kwa chifu au kwa watu wa makumbusho. Mwenye mashua, mpishi, mwenye nyumba ya wageni na kijana ajuaye njia, wote watapata chumo mwaka huu na mwaka ujao, maadamu kitu kinachowaleta wageni kingalipo. Wazee walisema kweli: chovya chovya humaliza buyu la asali.