Istilahi za Mchezo wa Sarakasi za Pikipiki

Chombo kipya kikiingia nyumbani mwa watu huingia pamoja na mahitaji yake ya maneno. Lugha isipokuwa na maneno hayo tayari, watumiaji hawangoji wataalamu waketi, hujitafutia wenyewe. Neno pikipiki ni ushahidi wa jambo hili. Asili yake ni mlio wa chombo chenyewe, nalo limekubalika hata hapana tena anayefikiri kutafuta jingine. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za michezo ya video ya sarakasi za pikipiki, ile ichezwayo nyumbani kwa kutumia televisheni. Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya watoto tu. Mzazi anayesoma maelezo yaliyoandikwa juu ya kasha la mchezo anastahili kuelewa mwanawe atacheza nini.

Tuanze na jina. Tukisema "mchezo wa pikipiki" tu, msikilizaji hajui kama tunasema juu ya mashindano ya barabarani au juu ya picha katika kioo. Tena dhana ya kuruka vizuizi kwa ustadi na kwa hatari haimo katika jina hilo. Wako watakaopendekeza mazingaombwe, lakini neno hilo lina maana ya kudanganya macho. Tarehe 26 Mei 1975 Mmarekani Evel Knievel alijaribu kuruka mabasi 13 kwa pikipiki katika uwanja wa Wembley, London, akaanguka na kuvunjika nyonga. Hapo hapakuwa na kiinimacho. Neno sarakasi linafaa zaidi, kwa kuwa hutaja ustadi wa mwili unaopatikana kwa mazoezi, na hatari yake ni ya kweli. Kwa hiyo tunapendekeza "mchezo wa video wa sarakasi za pikipiki".

Pili ni chombo. Mwaka 1976 kampuni ya Atari ilitoa Stunt Cycle, mchezo ambao mchezaji huongoza pikipiki iruke juu ya safu ya mabasi. Mwanzoni ulichezwa katika kumbi za burudani kwa kutumbukiza sarafu. Mwaka 1977 ukatolewa wa kuchezea nyumbani, ukiwa na usukani wake kama wa pikipiki. Mchezo ni ule ule, lakini vyombo ni viwili, na tofauti hiyo lazima ionekane katika istilahi. Cha kwanza tukiite "mashine ya sarafu", na cha pili "mtambo wa michezo wa nyumbani". Tukiviita vyote "mashine ya mchezo", mzazi atashindwa kujua kama ameombwa chombo cha sebuleni au fedha za kwenda kutumbukiza mahali asipopajua.

Baadaye usukani uliacha nafasi kwa kifaa kidogo cha kushikwa mikononi, chenye vitufe. Hiki tunakiita "kidhibiti", kutokana na kitenzi dhibiti.

Tatu ni matendo, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Tuchukue mfano wa Excitebike, mchezo uliobuniwa na Shigeru Miyamoto wa kampuni ya Nintendo, ukatolewa Japani mwaka 1984 na Marekani mwaka 1985. Pikipiki hupanda tuta, huacha ardhi, hukaa hewani kitambo, kisha hurudi chini. Kiswahili hutumia kitenzi kuruka kwa mbuzi avukaye mtaro na kwa ndege aliye angani vilevile. Katika mchezo huu maana hizo mbili hufuatana, na kila moja ina kazi yake: ikiwa hewani, mchezaji huinua au huteremsha gurudumu la mbele ili pikipiki ilingane na mteremko unaoingojea. Ndiyo maana tunapendekeza "kuruka" kuwe ni kuacha ardhi tu, na hatua ya pili iitwe "kuwa hewani". Hatua ya tatu haina tatizo. Ndege hutua, mchukuzi hutua mzigo, na pikipiki nayo itatua, vyema au vibaya.

Nne ni mwendo na joto. Kidhibiti kina kitufe cha mwendo wa kawaida na kingine cha mwendo wa kasi zaidi, ambacho katika mchezo huitwa turbo. Jina hilo halisemi kweli. Turbo ya fundi ni kifaa kinachoendeshwa kwa moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi. Katika mchezo hakuna jambo hilo. Hatuoni sababu ya kuazima neno ambalo huko litokako limekwisha kupotoka. "Kukaza mwendo" kunatosha. Anayekaza mno huona kipimajoto kikijaa. Injini ikizidiwa, pikipiki husimama na mwendeshaji hungoja kando ya njia mpaka ipoe. Kwa hali hiyo madereva wetu wana neno zamani: gari limechemsha. Basi pikipiki nayo "imechemsha".

Istilahi hupimwa katika sentensi. Tuseme: "Alikaza mwendo, akaruka tuta, akiwa hewani akateremsha gurudumu la mbele, akatua vyema, lakini kabla ya kumaliza pikipiki ikachemsha." Asiyepata kushika kidhibiti maishani mwake ataelewa yaliyotokea. Hicho ndicho kipimo tunachokishikilia: istilahi isimfungie nje yule aliyeketi chumba kile kile na wachezaji.

Tunawaomba wasomaji, hasa mafundi, madereva na vijana wachezao michezo hii, watuletee maneno wanayoyatumia. Yaliyo bora kuliko haya tutayapokea kwa furaha.